Paka wa Mzee: shajara ya kuokoa karatasi moja

Siku ya 1

Leo nimeanza rasmi. Meza nimeipangusa, nimetandika shuka jeupe, mikono nimenawa mara mbili nikaikausha kabisa. Glavu sivai, manake kidole kitupu kinahisi karatasi ikitaka kuchanika na glavu ya pamba haihisi kitu.

Nieleze kwanza nilichonacho. Ni ukurasa mmoja uliochomolewa kwenye daftari la michoro la mchoraji wa Kimarekani, penseli tupu, hakuna rangi, paka watano wametapakaa kwenye karatasi ya kama sentimita 23 kwa 30. Nimeununua kwa binti yake hapa Delaware, Marekani, ninapoishi, familia ilikuwa inauza vitu vya nyumba ya marehemu, huku ni kawaida, nyumba inafunguliwa Jumamosi asubuhi na watu wanaingia kuchagua viti, sahani, mpaka masufuria. Mimi nilifuata masufuria kweli. Halafu nikaona hawa paka wameegemezwa chini karibu na mlango wa jikoni, kioo kimejaa vumbi, nikachutama pale na sikunyanyuka haraka.

Binti mwenyewe sasa ni bibi mtu mzima, ameniomba nisiweke jina la babake mtandaoni na nimemwahidi, so humu nitamwita Mzee tu. Alikuwa mchoraji na mwalimu wa sanaa, ujanani alisoma New York pale Art Students League, ile shule ya wachoraji iliyoanzishwa 1875 ambayo mpaka leo ipo. Hakupata umaarufu. Lakini mkono alikuwa nao jamani, mtaona.

Hali ya mgonjwa: karatasi imegusana na kioo moja kwa moja, hakuna nafasi ya kupumua. Nyuma kuna kadibodi ya kahawia kama ya boksi la viatu. Pande zote nne zimebanwa na masking tepu, ile tepu ya karatasi yenye gundi. Aliyeifremu zamani hizo, sijui ni nani na hata haina haja, alifanya kazi ya haraka na karatasi ndo imelipa gharama. Ukiangalia kwa juu unaona mstari wa kahawia umezunguka kama fremu ya pili, hiyo ni asidi ya kadibodi imepanda kwenye karatasi miaka yote hiyo.

Kitu kimoja kimenifurahisha kabla hata sijafungua, ukingo wa juu una safu ya vitundu vidogo vimechanika. Maana yake daftari lilikuwa la waya, ule wa kuzunguka kama springi, na madaftari ya aina hiyo yalienea miaka ya 1930. Kwa hiyo si kabla ya hapo.

Siku ya 2

Nimefungua. Masaa mawili na nusu kwa misumari sita, sitaki kusikia mtu akisema ni nyingi. Misumari ilikuwa na kutu, ukivuta kwa nguvu fremu inatikisika na kioo kinasugua penseli, so kila msumari nilikuwa naulegeza kidogo kidogo kwa koleo huku nimeshika kioo na kiganja.

Kioo kimetoka salama na hakuna mahali karatasi iligandana nacho. Hapo nilikuwa nimebana pumzi, manake unyevu ukiingia kati ya karatasi na kioo vinashikana na ukivuta unabandua mchoro.

Sasa masking tepu. Hii kitu ilibuniwa hapa Marekani 1925 kwa ajili ya wapaka rangi wa magari, yaani ibandikwe leo ibanduliwe leo. Watu wakaipeleka kwenye picha. Gundi yake ni ya mpira, ikizeeka kwanza inakuwa kama mafuta inazama ndani ya nyuzi za karatasi, baadaye inakauka inakuwa ngumu ya kahawia, na karatasi ya tepu yenyewe inabanduka tu kama ngozi iliyoungua jua. Upande wa kushoto na wa chini imetoka hivyo, nimeigusa na kisu butu cha mfupa ikaanguka yenyewe. Upande wa juu bado imeng'ang'ania, palepale penye vitundu vya waya, mahali dhaifu kuliko pote. Nimeiacha. Kesho si mwisho wa dunia.

Siku ya 4

Jana sikugusa kitu, nilikuwa kazini usiku.

Leo nimefanya ile ninayoipenda kuliko zote, kuangalia kwa mwanga wa pembeni. Unazima taa zote, unachukua tochi unailaza karibu na meza ili mwanga upite juu ya karatasi kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga, basi kila mkwaruzo na kila mfinyo unapata kivuli chake. Unaona penseli ilikandamizwa wapi na ilipita juu juu wapi. Unaona hata mistari iliyofutwa, manake raba inatoa rangi lakini haitoi mfereji.

Niwaelezee paka wenyewe. Wa kwanza juu kushoto amejikunja kama mkate wa boflo, miguu yote ndani, macho yamefumba. Wa pili anajilamba bega, shingo imegeuka mpaka haina mantiki lakini ukiwa umeishi na paka unajua ndivyo inavyogeuka. Wa tatu amekaa anatazama kitu nje ya karatasi. Wa nne ametupa mgongo, tunamwona kwa nyuma, masikio mawili na mviringo wa mgongo, mstari mmoja tu umeshuka kutoka shingoni mpaka mkiani bila kunyanyua penseli. Nimeufuatilia huo mstari na tochi kutoka juu mpaka chini. Unaanza mwepesi, unakandamizwa kwenye nyonga pale mwili unapokutana na sakafu, unakuwa mwepesi tena, unakwisha. Sekunde mbili labda tatu za mtu ambaye hayupo tena na ziko hapa mezani kwangu.

Wa tano hana kichwa. Ni mgongo na mkia tu na miguu ya nyuma, aliinuka akaondoka kabla Mzee hajamaliza.

Halafu kuna doa. Chini ya paka wa kwanza, kijivu, kubwa kama ncha ya kidole gumba, nimeliandika kwenye orodha ya vitu vya kusafisha.

Siku ya 5

Nimempigia mamangu Lamu. Nimemwamkia, tumeulizana hali, kisha nikamtumia picha za kila paka kwa Whatsapp, kwa karibu, moja moja. Mamangu hajawahi kukosa paka nyumbani, na Lamu mnaijua, paka wamejaa kuanzia gatini mpaka juu ya dari za watu, wale wembamba wa miguu mirefu, watu wanasafiri kuja kuwapiga picha.

Alinyamaza kitambo. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu, hao si paka watano. Paka mmoja huyo."

Nikamuuliza mama vipi, akaniambia tazama sikio. Nikarudi mezani na simu mkononi. Sikio la kushoto lina pengo dogo, kama kipande kimeng'olewa. Paka wa kwanza analo. Wa pili analo. Wa tatu analo, wa nne ukimtazama kwa nyuma linaonekana wazi kabisa. Nimeangalia hii karatasi siku zote hizi na tochi na lenzi na sikuona, mimi nilikuwa naangalia mistari na mama alikuwa anaangalia paka.

"Na huyu asiye na kichwa?"

"Mkia wake umepinda nchani, na wa yule aliyekaa pia umepinda. Ni yeye tu huyo."

Kweli. Umepinda.

Akaongeza na hii, kwamba yule wa kwanza hakulala. Sikio limegeuzwa upande, paka aliyelala usingizi masikio yamelegea, huyu anamsikiliza mtu aliye karibu naye. Anamsikiliza mchoraji basi. Nimekaa na hilo neno jioni yote.

Sasa ukurasa wote umebadilika kwangu. Nilikuwa naona mazoezi ya paka mbalimbali, kumbe ni jioni moja ya paka mmoja: kajikunja, kaamka kajilamba, kasikia kitu katazama, kageuka, kaondoka. Mzee alikaa palepale na daftari akawa anamfuata. Na ndo maana paka wamepangwa vile, kutoka kushoto juu mpaka kulia chini, kama mtu anavyoandika.

Siku ya 7

Usafi wa kukausha. Hakuna maji hapa, watu wengi wakisikia kusafisha karatasi wanawaza kuiosha, na ni kweli mafundi waliosomea wanaosha karatasi kuitoa asidi, lakini mimi sijasomea hivyo na sitajaribu kwa huyu.

Nimeanza na brashi laini pana ya manyoya ya mbuzi, kutoka katikati kwenda nje. Nyuma ya karatasi nimetumia sponji ya mpira, ile ya kufutia masizi, unagusa unainua, husugui. Sponji imekuwa nyeusi mara tatu nikaikata upande mpya kila mara. Mbele nimetumia unga wa raba, unakwangua raba nyeupe kwenye kikwangulio mpaka inakuwa kama chenga za nazi, unanyunyiza mahali pasipo na mchoro, unazungusha kwa ncha ya kidole polepole sana, unafagia na brashi. Chenga zinatoka kijivu. Sentimita moja kutoka kwenye mstari wowote wa penseli nasimama, huo ndo mpaka wangu.

Nikafika kwenye lile doa.

Nilikuwa nimeshanyunyiza unga. Kidole kiko hewani. Nikasema wacha niangalie mara ya mwisho, nikawasha tochi ya pembeni, nikaweka lenzi. Doa lina mistari. Mistari ya kidole, ile miviringo ya ngozi. Na halikukaa ovyo, limeanza palepale chini ya tumbo la paka na kufifia kuelekea kulia, upande uleule ambao vivuli vingine vyote vimeelekea. Si uchafu, ni kivuli. Mzee alisugua penseli kwa kidole gumba akapata kivuli cha paka aliyejikunja sakafuni, na alama ya kidole chake imebaki humo ndani.

Nimeufagia ule unga wote kwa brashi bila kuugusa. Nikaenda kusimama nje barazani, baridi ilikuwa kali na sikuvaa koti.

Siku ya 8

Nimeandika upya orodha ya usafi. Kila kitu nilichokiita doa nimekirudia na lenzi. Vile vidoti vya kahawia upande wa kulia ni madoa ya kawaida ya karatasi kuukuu, hayo hayana ubishi, ila hayatoki kwa raba na nimeamua yabaki. Mstari wa kahawia wa asidi pia unabaki, sehemu yake itafunikwa na dirisha la kadibodi, yaani kadibodi iliyokatwa katikati inayokaa mbele ya mchoro. Doa la gumba haligusi mtu.

Mwalimu wangu (mama mmoja jirani aliyestaafu kazi ya kutengeneza vitabu na karatasi, yeye ndo alinifundisha yote haya) amekuja kuangalia. Nikamwonyesha gumba. Alivua miwani akainama mpaka pua inakaribia karatasi, akasema hii ndo sababu yeye alikuwa anakaa na kitu wiki moja kabla ya kukigusa. Hakunilaumu, na mimi nimelisikia.

Siku ya 11

Jumapili nimeenda Wilmington, Delaware Art Museum. Si mbali na kwangu na nilikuwa na sababu. Hawa jamaa wana mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa kazi za mchoraji John Sloan, mkewe wa pili Helen Farr Sloan ndiye aliyewapa michoro yake na makaratasi yake. Sloan alizaliwa 1871 Lock Haven, Pennsylvania, na kabla ya kuhamia New York 1904 alikuwa mchoraji wa magazeti Philadelphia. Zamani hizo magazeti hayakuwa na uwezo wa kuchapa picha za kamera vizuri, so walikuwa na wachoraji, nyumba ikiungua mchoraji anakimbia na yeye anachora haraka anarudi. Wenzake kina William Glackens, George Luks na Everett Shinn walipitia kazi hiyohiyo. Ukitaka kujua wapi Wamarekani walijifunza kuchora kitu kabla hakijaondoka, mimi nadhani ni pale, kwenye moto na ajali za barabarani.

Na Sloan alianza kufundisha Art Students League 1916. Sisemi Mzee alikaa darasani kwake, nasema tu nikiangalia ule mstari mmoja wa mgongo wa paka wa nne nawaona hao watu wa magazeti.

Sloan mwenyewe alipenda paka wa uani. Mchoro wake wa 1914 wa nyua za mtaa wa Greenwich Village, uliopo Whitney Museum kule New York, una theluji, watoto wanajenga mtu wa theluji, nguo zimeanikwa juu kwenye kamba, na paka wapo mle kama wapangaji wengine tu. Hawajapambwa, hawajavishwa utepe. Linganisha na Cecilia Beaux wa Philadelphia, ambaye namheshimu sana, yule aliyechora mwanamke wa gauni jeupe na paka mweusi begani miaka ya 1893 na 1894, halafu akajichorea nakala yake ambayo sasa iko National Gallery of Art Washington. Yule paka anakutazama mpaka unainamisha macho. Lakini ni paka wa mchoro uliopangwa. Daftari ni kitu kingine, kwenye daftari paka ndiye anayeamua saa ya kumaliza.

Nimekaa mle ndani masaa matatu. Nimerudi nimechoka vizuri.

Siku ya 13

Tepu ya juu imetoka. Mwalimu kaniazima spachula ya umeme ya joto, ndogo kama kijiko cha chai, unaipasha kiasi tu, unaigusisha juu ya tepu, gundi inalegea, unainua milimita mbili, unasubiri, unainua tena. Mabaki ya gundi nimeyaokota kwa kipande cha raba ya krepu, inashika gundi inaizungusha kama tonge. Vitundu vya waya vyote vipo, nimevihesabu kabla na baada. Kimoja kilikuwa kimechanika tangu zamani, nitakiziba.

Rangi ya kahawia ya gundi imebaki kwenye karatasi. Kuitoa kunataka kemikali na chumba chenye hewa maalum, na hiyo ni kazi ya waliosomea. Inabaki.

Siku ya 15

Nimepika gundi. Ni wanga wa ngano na maji, kwisha. Ukijua kupika uji unajua kupika hii, tofauti ni kwamba huongezi kitu na huachi kukoroga, moto mdogo, dakika kama 40, mpaka inatoka weupe wa maziwa inakuwa kama kioo cha ukungu. Ikipoa inakuwa jeli ngumu, unaipitisha kwenye chujio mara mbili tatu, unaongeza maji kidogo kidogo kwa brashi. Uzuri wake ni kwamba hata miaka 50 ijayo mtu akitaka kuitoa anailowesha na maji inaachia. Kila ninachofanya hapa lazima mtu mwingine aweze kukiondoa.

Jaribio la kwanza halikwenda. Nilibandika kipande cha karatasi ya Kijapani (ya maganda ya mti wa mforosadi, nyepesi unaona vidole upande wa pili) kwenye karatasi ya majaribio, gundi ilikuwa na maji mengi, asubuhi karatasi imejikunja mawimbi kama bati. Nimerudia na gundi kavu zaidi, nimeweka uzito na karatasi ya kunyonya juu, leo iko bapa.

Siku ya 17

Kitundu kimezibwa, na bawaba mbili za karatasi ya Kijapani, yaani vipande vya kushikilia mchoro kwenye kadibodi, zimewekwa ukingo wa juu. Hazikatwi na mkasi, unachora mstari wa maji kwa brashi unachana, ili nyuzi zibaki kama ndevu na zishike bila kufanya ukingo mgumu. Na bawaba lazima iwe dhaifu kuliko mchoro. Fremu ikianguka siku moja, kinachochanika kiwe bawaba.

Nyuma na mbele ni kadibodi ya pamba isiyo na asidi, dirisha limekatwa pana kidogo kuliko kawaida kwa sababu nimekataa kuficha vitundu vya waya, nataka mtu aone hii ilikuwa daftarini. Kioo sasa kiko mbali na karatasi milimita kadhaa. Nimeitundika kwenye korido, haipati jua kabisa. Penseli yenyewe haipauki kwa mwanga, ni karatasi ndo inageuka njano na kuvunjika, kwa hiyo taa ya pale nimeweka ndogo.

Siku ya 20

Binti wa Mzee amekuja. Nilimpigia kumwalika chai, nikapika na mahamri. Alisimama koridoni muda mrefu. Nikamweleza la sikio na la mkia, na kwamba ni mamangu aliyeona akiwa Lamu, na nikamwuliza kama kweli ni paka mmoja. Akasema ndiyo, alikuwa paka wa jirani, sikio liling'atwa na mbwa, alikuwa anaingia jikoni kwao wakati wa baridi na kukaa karibu na jiko mpaka mtu afungue mlango. Babake hakuwahi kumwita kwa jina, alikuwa anasema tu "mgeni kaja" na kuchukua daftari.

Sikumwonyesha gumba, aliliona mwenyewe. Akaweka gumba lake hewani mbele ya kioo, bila kugusa.

Halafu akafungua mkoba akatoa bahasha kubwa. Ndani kuna ukurasa mwingine. Ulikuwa kwenye droo, anasema, na hauna kitu, ila ni wa daftari lilelile, akaona pengine nautaka kwa ajili ya karatasi.

Alipoondoka nilishusha fremu, nikafungua nyuma, nikaweka kurasa mbili pamoja. Vitundu vimelingana vyote. Nikazima taa nikalaza tochi, na kwenye ule ukurasa usio na kitu ukatokea mfereji mrefu, ule mstari wa mgongo, umepenya kutoka kwenye karatasi ya juu pale alipokandamiza kwenye nyonga. Na chini kulia kuna mwingine ambao haupo kwenye karatasi yangu kabisa, duara dogo na masikio mawili, la kushoto lina pengo. Nikarudi kwa paka wa tano asiye na kichwa, nikamlazia tochi chini zaidi ya nilivyowahi. Kichwa kilikuwepo. Mzee alikichora, akakifuta.

Nimepiga picha kumi na mbili, nimemtumia mama. Jumatatu naanza kuusafisha ukurasa wa pili, nyuma tu, mbele hauguswi hata na brashi.